Mlio wa ekzosi na ukimya wa muuzaji

Je, muuzaji anayejua kasoro ya gari lake, akanyamaza kwa sababu hakuulizwa, amedanganya? Wengi wetu hujibu haraka kwamba hapana. Tunasema gari ni hilo, mnunuzi ana macho, na alete fundi wake alikague. Jibu hilo limezoeleka mitaani hata miongoni mwa watu wanaoswali safu ya mbele.

Tuchukue mfano wa Igamba, Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Wilaya hiyo inapitiwa na barabara kuu iendayo Tunduma, ambayo hupitisha magari yaliyotumika kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na kwingineko. Mkulima ananunua gari kwa fedha za kahawa. Siku ya kulijaribu linanguruma vizuri. Asubuhi ya baridi akiliwasha nyumbani, anasikia mlio: tiki, tiki, tiki. Gari likipata moto, mlio unapotea.

Mafundi wanaujua mlio huo. Mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi iliyopasuka, au gasketi yake iliyoungua. Chuma kikipata joto hutanuka na ufa hujifunga. Kwa hiyo hutafutwa injini ikiwa baridi. Hutazamwa masizi kwenye maungio, kisha mdomo wa bomba huzibwa kidogo kwa kitambaa, na panapovuja husikika.

Muuzaji anayeyajua hayo huliwasha gari mapema, mnunuzi akifika alikute limeshapata moto. Mwingine hupaka gundi juu ya ufa, itakayodumu siku chache. Hakutamka neno la uongo, lakini kalipanga gari limdanganye mteja.

Hila hii si ngeni katika sheria ya Kiislamu. Zamani mtu aliyetaka kuuza mbuzi au ngamia alimwacha siku kadhaa bila kumkamua ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), alimpa mnunuzi hiyari ya siku tatu: abaki na mnyama, au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Hapo pia muuzaji hakuwa amesema lolote. Kiwele ndicho kilichosema.

Yupo atakayedai kuwa aliuza gari "kama lilivyo", hivyo hadaiwi. Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.), aliyemuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutowajibika kwa kasoro. Mnunuzi akashitaki kwamba mtumwa ana maradhi asiyoelezwa. Khalifa Uthman (r.a.) akahukumu kuwa Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Baadaye akauzwa kwa dirham 1,500. Tuzingatie kwamba Khalifa hakuishia kwenye maneno ya mkataba, bali aliuliza muuzaji alikuwa anajua nini. Nasi tuyapime mauzo yetu kwa swali hilo: je, naweza kuapa?

Tena jambo hili si la hasara ya fedha peke yake. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Ufa ukiwa mbele, karibu na injini, gesi hiyo yaweza kuingia ndani ya gari. Na katika baridi ya Mbozi, watu husafiri na watoto wao vioo vikiwa vimefungwa.

Fundi aliyepaka gundi akijua lengo, na dalali aliyepokea kamisheni huku akijua, wasijione wako pembeni. Qur'an, katika Suratul Maida aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Muuzaji atasema kuwa naye aliuziwa hivyo hivyo, na akieleza kasoro atapata hasara. Huenda ni kweli. Lakini aliyedhulumiwa hupewa haki ya kumdai aliyemdhulumu, hapewi ruhusa ya kumtafuta wa tatu wa kumtwika mzigo. Njia ya halali ipo: aiseme kasoro, aiandike kwenye hati ya mauziano, apunguze bei, na amwachie mnunuzi aliwashe gari likiwa baridi.

Wabillahi tawfiq.