Ndiyo ya Mtu Aliyelala

Ukilazwa wodini unapimwa joto, presha na sukari bila maswali mengi. Ukinyoosha mkono, basi umekubali. Kipimo cha virusi vya UKIMWI ni tofauti: lazima uulizwe kwanza. Lakini mtu aliyelala, dripu mkononi, anaweza kweli kukataa?

Kwenye VCT unaenda kwa miguu yako. Ukibadili nia mlangoni, unageuka na kupanda matatu. Wodini ni kipimo kinachokufuata. Tangu 2007, Shirika la Afya Duniani linashauri wahudumu wenyewe wapendekeze kipimo, na asiyetaka aseme hataki.

Mimi naunga mkono utaratibu huo. Mtu anaweza kutibiwa kifua kikuu leo na homa ya uti wa mgongo kesho, bila kujua ni nini kilichoidhoofisha kinga yake. Daktari anayenyamaza ili asikuudhi hajakuheshimu. Amekutelekeza.

Shida ni ile "ndiyo". Mjomba wangu alipolazwa, sista alimuuliza mbele yangu, mbele ya mkewe, na mbele ya mgonjwa waliyelala naye kitanda kimoja. Mjomba alitutazama kwanza, kisha akasema, "Sawa tu, sista." Angejibu nini kingine? Angekataa, sote tungejiuliza anaficha nini. Hapana yake ingekuwa tayari ni majibu.

Hakuna aliyemlazimisha. Sheria yetu ya UKIMWI ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo apewe matibabu. Ila sheria haioni macho ya mke, wala ile hofu ya mgonjwa kwamba akionekana mkaidi, dawa ya maumivu itachelewa.

Utasikia watu wakisema, "Si ni kwa faida yake?" Ni kweli. Lakini kipimo chenyewe huchukua dakika chache tu, na ARV ni za maisha. Akipatikana na virusi, kila siku atahitaji kukubali upya, nyumbani, pasipo sista. Ndiyo aliyoitoa kwa aibu itambeba mpaka wapi?

Kizazi chetu kimezoea kubonyeza "Nakubali" bila kusoma, kwa hivyo tunadhani ridhaa ni neno tu. Ridhaa inataka nafasi. Wageni watoke kwanza, maana pazia halizuii sauti. Mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba akikataa atatibiwa vilevile, na kwamba kesho anaweza kuulizwa tena. Majibu apewe yeye, si ndugu anayelipa bili.

Ndiyo maana nikitaka kujua kama wodi inawaheshimu wagonjwa wake, siulizi ni wangapi waliokubali kupimwa. Nauliza yule aliyekataa jana, leo amehudumiwa vipi.