Namba ya Bunduki na Jina la Mpagazi

Bunduki kuukuu ina thamani gani? Popote vilipopita vita, chuma chenye kutu kikifukuliwa shambani, swali la kwanza huwa bei. Nasi wa Kwashemshi tumo, kwani mwezi Juni 1916 majeshi yalipita Korogwe yakielekea Handeni.

Mjuzi wa bunduki za kukoki kwa mkono hahitaji kubahatisha. Mauser ya 1871, waliyoshika askari wengi wa Mjerumani vita vilipoanza, ina mtutu wa milimita 11. Hupakiwa risasi moja moja, na baruti yake nyeusi hutoa moshi unaomfichua mpigaji. Mauser ya 1898 ni ya milimita 7.92 na hubeba risasi tano. Juu ya chemba yake pamepigwa mhuri wa taji, jina la kiwanda, kama Spandau au Amberg, na mwaka. Lee-Enfield ya Mwingereza hubeba risasi kumi, na ganda la risasi yake lina ukingo uliotokeza kitakoni. La Mauser ya 1898 halina. Kisha mjuzi hutazama namba. Zikilingana katika kila kipande, bei hupanda. Zikiwa mchanganyiko, hushuka.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Bunduki zilikuwa na daftari. Tunajua kwamba Tanga, Novemba 1914, Waingereza walitimka na kuacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Tunajua pia kwamba mwaka 1915 shehena ya meli Rubens iliopolewa katika ghuba ya Manza, na risasi zilizolowa maji ya bahari zikafunguliwa na kukaushwa.

Je, nani alizibeba kwenda bara? Wapagazi, vichwani na mabegani. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na upande wa Wajerumani haukuweka hesabu kamili ya vifo vyao. Chuma kilipewa namba, mtu hakupewa.

Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipowalipa askari wazee malimbikizo yao, wasiokuwa na vyeti walipewa ufagio waushike kama bunduki, wakatambuliwa kwa namna walivyotii amri. Hata askari, basi, alithibitishwa kwa bunduki. Mpagazi angeonyesha nini? Kovu la begani?

Mkusanyaji atanijibu kwamba kisicho na bei hutupwa, na kwamba bei ndiyo inayokiokoa chuma kisiyeyushwe kikawa jembe. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Lakini bei hupima uchache wa kitu, haipimi jasho lililokibeba. Isitoshe, kwetu sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki wala kuuza silaha bila kibali, na risasi ya zamani si ya kuchezewa. Aliyeokota hana budi kuiarifu polisi.

Je, atabaki mikono mitupu? La hasha. Kabla ya kuulizia bei, na awaulize wazee: hapa palipita nani, alibeba nini, alizikwa wapi? Ayaandike majina. Namba ya bunduki imedumu zaidi ya miaka mia kwa sababu kuna aliyejali kuigonga kwenye chuma. Jina la mtu halistahili pungufu ya hapo.