Susan Aliyebaki Nje



Yako mambo ambayo mtoto huyapita mbio katika kitabu, na mtu mzima akiyarudia humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Hayo yalinipata niliporudia vitabu saba vya Narnia, ambavyo C. S. Lewis alivitoa kati ya mwaka 1950 na 1956. Mwandishi huyu hakuwa padre. Alikuwa Mwanglikana aliyesali katika kanisa la mtaa wake, Headington Quarry huko Oxford, na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1963.

Ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaingia nchi ya Narnia kwa kupitia kabati la nguo. Edmund anawasaliti wenzake kwa ajili ya vitu vitamu alivyopewa na Mchawi. Aslan, Simba mkuu, anakubali kuuawa mahali pake, kisha anafufuka. Ni nani waliomsindikiza Simba usiku ule wa huzuni? Ni Lucy na Susan. Nao ndio waliomwona kwanza alfajiri, yu hai.

Lakini katika kitabu cha mwisho, The Last Battle, wenzake wanafika katika nchi ya Aslan, na Susan hayupo. Peter anasema kwa ufupi kwamba dada yake si rafiki wa Narnia tena. Wengine wanaongeza kwamba siku hizi anajali rangi ya mdomo, soksi za nailoni na mialiko tu. Narnia anaiita mchezo wa utotoni. Kisha wanageukia miti ya matunda iliyo mbele yao.

Nilipokuwa mdogo niliona ni sawa: aliyeacha, ameachwa. Safari hii nilijiuliza, je, ni haki? Msaliti yumo ndani, na aliyemlilia Simba yuko nje!

Nikasoma tena polepole. Niliona kwamba kosa la Susan si rangi ya mdomo, bali ni kukana alichokiona kwa macho yake. Hilo si jambo dogo. Lakini pia niliona kwamba maneno yale si ya Aslan. Yaliposemwa, Aslan hakuwapo. Tena Susan hajafa. Wenzake walikufa katika ajali ya treni, na wazazi wake pia. Amebaki Uingereza, yatima, peke yake. Mwaka 1957 Lewis alimwandikia mtoto mmoja kwamba Susan bado ana wakati wa kutengenea, na huenda mwishoni akafika kwa njia yake mwenyewe.

Ndugu zangu, kila mtaa una Susan wake. Aliimba nasi kwaya, aliwekewa mikono na Askofu, na leo hatumwoni. Baada ya ibada twasema, "Yule? Ameipenda dunia." Kisha twaenda kunywa chai. Tumesema kweli, pengine, lakini tumeisema kama yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, si kama baba aliyekuwa akitazama njia.

Kujua kwamba mtu ameondoka si sawa na kujua kwamba hatarudi. La kwanza twaweza kuliona. La pili hatukupewa. Basi huyo mliyemkumbuka mkisoma haya, nani kati yenu atakwenda kumpigia hodi, bila kungoja msiba?