Kanuni Iliyosema Jambo Jingine

Mwaka 1950 George Macdonald alichapisha katika jarida la Tropical Diseases Bulletin makala kuhusu malaria ambayo ilikuja kuheshimiwa na kufundishwa kwa miaka mingi. Macdonald alikuwa daktari aliyewahi kufanya kazi Sierra Leone na India, na wakati huo aliongoza Taasisi ya Ross mjini London. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndani ya makala ile mlikuwa na maelezo ya kibiolojia yenye mantiki, na mlikuwa na kanuni ya hisabati iliyopigwa bila kosa. Lakini maelezo yalisema jambo moja, na kanuni ikasema jingine.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya vijana wetu wa maabara na wa takwimu, wa Ifakara, Kilifi, Kigali na kwingineko, ambao wataalikwa kwenda kukaa na wanahisabati kwa wiki kadhaa au miezi kadhaa, au watakaowapokea wanahisabati hao kwao. Ukaaji wa namna hii unazidi kuwa wa kawaida, na ni jambo jema. Kisa cha Macdonald kinaonyesha mahali hasa unapoweza kuharibikia.

Swali lake lilikuwa hili. Mtoto anayeishi penye mbu wengi haambukizwi mara moja akapumzika. Kabla vimelea alivyopata mwezi huu havijaisha mwilini, mbu mwingine anamwachia vingine. Maambukizi yanakuja juu ya maambukizi. Je, damu yake itachukua muda gani kuwa safi? Macdonald aliandika kwa maneno yaliyonyooka kwamba kundi moja la vimelea halizuii kundi jingine kuingia. Makundi mawili au matatu yanaweza kuishi sambamba, na kila moja humaliza muda wake bila kurefushiwa wala kufupishiwa na mengine.

Baada ya hapo ilihitajika kanuni, naye akasaidiwa na mtakwimu J. O. Irwin. Katika kanuni waliyoitoa, makundi ya vimelea hayaishi sambamba tena. Yanapanga foleni. Kundi jipya linaingia mwilini, lakini siku zake hazianzi kuhesabiwa mpaka yaliyotangulia yawe yamekwisha. Fikiria nyumba yenye wageni. Wahenga walipomwekea mgeni siku mbili na kumpa jembe siku ya tatu, walihesabu tangu yeye alipofika. Kanuni ya 1950 ilihesabu siku za mgeni tangu yule aliyemtangulia alipoondoka. Wageni wakija haraka kuliko wanavyoondoka, nyumba hiyo haitakuwa tupu tena kamwe.

Tofauti hii si ya kifalsafa, inaonekana kwenye tarakimu. Tuseme kila kundi la vimelea hudumu wastani wa siku 200, na mtu hupata kundi jipya kila baada ya siku 400 kwa wastani. Ukifuata maneno ya Macdonald, mtu aliyeambukizwa leo atakuwa na damu safi baada ya wastani wa siku 260 hivi. Ukifuata kanuni yake, ni siku 400. Sasa ongeza mbu mpaka makundi mapya yawe yanakuja kila baada ya siku 100. Kwa maneno yake, siku yoyote utakayopima damu utakuta watu 13 au 14 katika kila 100 hawana kimelea hata kimoja. Kwa kanuni yake, uwezekano wa kupona unakuwa sifuri, na hatimaye watu wote 100 wanabaki na vimelea maisha yao yote.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na hadubini penye malaria kali angeweza kusema kwamba jibu hilo la mwisho si la kweli. Hata mahali pabaya kabisa slaidi safi huwa zipo, na kwa watu wazima huwa nyingi. Ushahidi ulikuwa mezani kwa wenye hadubini, nayo kanuni ilikuwa mezani kwa wenye kalamu.

Kwa nini basi mgongano huu ulikaa miaka 25 bila kuanikwa wazi? Naamini ni kwa sababu kila nusu ya kazi, ukiikagua peke yake, ilikuwa sawa. Daktari akisoma maelezo anakubali kwa kichwa, akifika kwenye alama za hisabati anaziruka kwa imani. Mwanahisabati anayaruka maelezo, anakagua hatua za hesabu moja baada ya nyingine, anaona zimefuatana vizuri. Hakuna aliyelazimika kuichukua kanuni na kuirudisha katika lugha ya kawaida mbele ya mwenzake: "Hapa umesema kwamba kundi la pili linasubiri la kwanza life. Ndivyo ulivyokusudia?" Sentensi moja kama hiyo ingetosha.

Mwaka 1975, katika jarida lilelile, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko Paul Fine aliandika uchambuzi uliouweka mgongano huo hadharani, hatua kwa hatua. Macdonald alikuwa amefariki mwaka 1967. Hakupata nafasi ya kusema alichokuwa amekielewa yeye na alichokuwa amekielewa Irwin, na hilo linanisikitisha kila ninapolifikiria, kwa kuwa ni wazi kwamba wote wawili walikuwa watu makini.

Sisemi kwamba kanuni hii ndiyo iliyoangusha kampeni ya kutokomeza malaria duniani, ambayo Shirika la Afya Duniani liliianzisha mwaka 1955 na kulazimika kubadili mwelekeo wake mwaka 1969. Kampeni hiyo ilikwazwa na mambo mengi: mbu waliojenga usugu dhidi ya DDT, fedha zilizopungua, huduma za afya zilizokuwa dhaifu. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachwa kando tangu mwanzo. Wala si hesabu zote za Macdonald zilizokuwa na kasoro. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa nguvu kwamba umri wa mbu una uzito kuliko wingi wake. Vimelea huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Ikiwa katika kila mbu 100 wanaobaki hai ni 90 kwa siku, baada ya siku 10 watakuwapo 35. Wakibaki hai 70 kwa siku, baada ya siku 10 hawafiki hata watatu. Ndiyo maana dawa inayomuua mbu mzima ukutani ina nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyeliona hilo, kisha akapitwa na jambo la foleni, anatufundisha kwamba akili peke yake haitoshi.

Kazi iliyofuata ilifanywa kwa mpango mwingine. Kati ya 1969 na 1976 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria waliendesha mradi wa Garki, kaskazini mwa nchi hiyo. Mwanahisabati Klaus Dietz na daktari Louis Molineaux walikuwa ndani ya mradi mmoja, si kwa kuandikiana barua tu. Mwaka 1974 wao na A. Thomas walitoa modeli ambayo ndani yake kila kundi la vimelea lilihesabiwa siku zake lenyewe, kama vile maneno ya Macdonald yalivyodai tangu mwanzo. Modeli hiyo ilipimwa kwa takwimu za vijiji vilevile vya Garki.

Hata hivyo malaria haikwisha Garki. Walipulizia nyumba dawa-ukoko aina ya propoksa, na katika baadhi ya vijiji waligawa dawa za kumeza kwa watu wote. Vimelea vilipungua lakini maambukizi hayakukatika. Sababu kubwa waliyoitaja ni kwamba sehemu ya mbu walikuwa wakiuma kisha wakienda kupumzika nje, wasiguse ukuta wenye dawa. Hapo ndipo ninapouona ubora wa mradi ule. Matokeo yalipokataa kufuata matarajio, walikuwapo watu waliokuwa wakikusanya mbu ndani na nje ya nyumba, na hesabu zao zilikuwa tayari kueleza kilichotokea. Kitabu cha mradi kilichotoka mwaka 1980 kimeweka yote wazi, pamoja na yale yaliyoshindikana, na takwimu zake zimeendelea kuwafaa watafiti wengine.

Leo zipo nyumba zilizojengwa makusudi kwa ajili ya ukaaji wa pamoja. Taasisi ya Isaac Newton mjini Cambridge, iliyofunguliwa mwaka 1992, iliandaa mwaka uliofuata programu ya miezi sita kuhusu modeli za magonjwa ya kuambukiza. Kule Knoxville, Tennessee, taasisi ya NIMBioS ilianzishwa mwaka 2008 kwa lengo hasa la kuwakutanisha wanahisabati na wanabiolojia, pamoja na wageni wa muda mfupi. Kwetu Afrika ipo AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003. Nazisifu zote. Lakini ofisi, ubao, chai ya saa nne na semina ya Alhamisi havimlazimishi mtu kuuliza.

Na kwetu kuna kikwazo kingine, nacho ni heshima. Mgeni akitoka mbali na ana cheo, tunamkarimu, tunamsikiliza, tunamwitikia. Kijana wa maabara akiona jambo haliendani na alichokiona usiku wa jana, atanyamaza, akihofia kuonekana amemkosea profesa adabu. Huyo kijana ndiye aliyekesha kwenye kiti mlangoni, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, akimnyonya kwa kifyonzio kila mbu anayetua mguuni na kumtia kwenye kikombe cha karatasi kilichoandikwa saa. Vikombe vya saa mbili usiku vina wangapi, vya saa kumi alfajiri vina wangapi, vya ndani na vya nje vinatofautianaje: hayo anayajua kabla hayajaingizwa kwenye kompyuta. Katika kanuni ya mgeni, yote hayo huenda yamekuwa herufi moja tu, kana kwamba mbu wote huuma kwa kiwango kimoja usiku kucha na mahali popote.

Kwa hiyo ningeomba ukaaji uanze kwa kubadilishana viti. Wiki ya kwanza mwanahisabati asiguse ubao. Akeshe na wategaji mbu, kisha asubuhi ahesabu slaidi mpaka macho yamuume. Wiki ya pili mwanabiolojia asimame ubaoni na kuisoma modeli ya mwenzake kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote anayoiota usingizini, alama kwa alama, na mwenye modeli asikatize mpaka amalize. Kila panapotokea "sijui herufi hii inamaanisha nini mwilini", paandikwe. Kijana wa vikombe awemo chumbani, na mkuu wa kituo amwombe kwa jina lake aseme anachokiona, kwani bila kuombwa hatasema.

Hayo yanahitaji muda, na muda una gharama. Maombi mengi ya fedha huwa na safu ya tiketi ya mtafiti wetu kwenda kukaa Ulaya au Marekani. Safu ya mwanahisabati kuja kukaa bonde la Kilombero masika nzima, akalala chini ya chandarua na kula na timu ya uwandani, mara nyingi haimo. Wakurugenzi wanaoandaa bajeti za mwaka ujao wanaweza kuiweka.