Upele ni Siri ya Nani?

Methali inasema upele humwota asiye na kucha. Mimi kucha nilikuwa nazo, tena ndefu. Nilichokosa ni ujasiri wa kusema kweli, na ndiyo sababu swali hili nimelichagua mwenyewe.

Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha hosteli hapa Kampala, vitanda viwili vya ghorofa na nafasi finyu ya kupita katikati. Mwezi wa Februari, nikiwa mwaka wa pili, nilianza kuwashwa katikati ya vidole, kisha kwenye vifundo vya mikono, kisha kiunoni pale mkanda unapokaa. Mchana nilivumilia, lakini usiku nilijikuna mpaka damu. Nimesoma shule ya bweni, upele naujua. Nilishuku tangu wiki ya kwanza.

Nilikwenda kliniki. Daktari, mama wa makamo, alinimulika vidole kwa tochi ya simu akaniuliza kama ninawashwa zaidi usiku. Nikakubali. Akauliza tena, "Kuna mwingine anayejikuna pale unapolala?" Nikamjibu kwamba ninalala peke yangu na kwamba hivi ni vipele tu. Darasani tumefundishwa umoja na wingi: upele, pele, kipele, vipele. Siku ile nilijificha ndani ya ngeli.

Nilidanganya kwa sababu watu wetu huona upele ni jina jingine la uchafu. Mwenye malaria hupewa pole. Mwenye upele hupewa sabuni. Ukweli ni kwamba ugonjwa huu huletwa na utitiri mdogo mno, unaopita ngozi kwa ngozi watu wanapoishi na kulala karibu karibu. Kuoga kila siku hakuuzuii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 wanao wakati wowote ule, na mwaka 2017 liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Watu milioni 200 hawawezi wote kuwa wachafu.

Sikujua kwamba swali lake la pili lilikuwa kipimo. Kwenye hospitali kubwa ngozi inaweza kukwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini, lakini daktari wa kawaida, mwenye foleni ndefu nje ya mlango, hutegemea macho yake na majibu ya mgonjwa: vipele viko wapi, vinawasha lini, na nani mwingine anajikuna. Nilipomnyima jibu hilo nilikuwa kama mtu anayekataa kutoa damu kisha anadai majibu ya maabara. Akaandika ukurutu, akanipa krimu ya steroidi. Nikapata nafuu wiki mbili hivi, kwa kuwa steroidi hutuliza muwasho huku utitiri ukiendelea kuchimba njia zake ndani ya ngozi na kutaga mayai.

Wakati huo mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza akaanza kujikuna mbele za watu. Yeye hakuwa na krimu ya kumficha. Wenzangu wakamwambia akaoge. Wakacheka, nami nikacheka nao. Hilo linanisumbua kuliko upele wenyewe.

Nimejaribu kujitetea kwa njia mbili. Kwanza, anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa hata kidogo, na muda wote huo anaweza kuambukiza wengine. Kwa hiyo hakuna awezaye kuapa nani aliuleta chumbani. Huenda yeye ndiye aliyeniambukiza. Ni kweli, lakini kosa langu halikuwa kuuleta. Kosa langu lilikuwa kushuku na kunyamaza.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi: siri ya mgonjwa. Rafiki yangu mmoja anadai kwamba daktari angenishuku angepaswa kuwaarifu wenye hosteli. Nampinga. Watu wakijua kwamba kliniki hutangaza magonjwa yao, wataacha kwenda, na hapo kila mtu atajikuna gizani. Daktari lazima anyamaze. Lakini mimi nilikuwa nimelichukua fundo lililofungwa kwenye kinywa cha daktari nikalifanya ruhusa yangu. Siri ile ni wajibu wake kwangu. Haikuniondolea wajibu wangu kwa watu watatu waliokuwa wakilala mita moja kutoka kwangu. Tena kwa kuwa yeye amekatazwa kusema, na mimi ndiye pekee ninayeweza, mzigo wote ukawa wangu.

Mwishoni mwa Machi nilirudi na kusema kweli. Hakunikaripia. Akaandika losheni ya benzili benzoeti na kuniambia chumba kizima kipakwe siku moja, hata asiyewashwa. "Mwanangu," akasema, "mlango wenu mimi siwezi kuugonga. Lakini nikikutibu peke yako, baada ya wiki chache utakuwa umekaa hapo hapo." Akanionya pia kwamba muwasho unaweza kudumu wiki kadhaa hata utitiri ukishakufa, tusije tukaanza kujipaka dawa kila siku kwa hofu.

Jumamosi ile tulifua shuka zote kwa maji ya moto. Dawa hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, na hakuna anayefika mgongoni mwake vizuri, kwa hiyo tulipakana. Nilimpaka yule wa mwaka wa kwanza. Losheni inachoma pale palipokwaruzwa. Alikuwa akivuta pumzi kwa meno. Akaniuliza bila kugeuka, "Kaka, wewe ulijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu Februari.

Alinyamaza. Kisha akachukua chupa, akanipaka mgongo wote, wala hakusema nami tena hadi Jumatatu.