Anayetia Sahihi

Mgonjwa wa saratani ya mapafu hapigwi mionzi siku ile ile anayofika hospitali. Kwanza hupigwa picha; kisha daktari huchora mipaka ya uvimbe, na wataalamu wa fizikia ya tiba hupanga mionzi ipite wapi na kwa nguvu gani. Kazi hii ni ngumu, kwa kuwa pafu halitulii: mgonjwa avutapo pumzi, uvimbe nao husogea. Jirani yake pana moyo, umio na uti wa mgongo. Kipimo cha kawaida kwa uvimbe uliokwisha kuenea kifuani ni Gray 60, kinachogawanywa kwa siku 30 za matibabu katika majuma sita. Mionzi ikizidi pasipostahili, mgonjwa aweza kupooza au kukosa pumzi.

Siku hizi kompyuta iliyofundishwa kwa mipango ya wagonjwa waliotangulia huweza kuandaa mpango kama huo kwa muda mfupi, kazi ambayo binadamu huifanya kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa. Wako wanaonung'unika kwamba utu unapotea. Mimi siungani nao. Saratani haimsubiri mtu, na pale wataalamu walipo wachache, kuchelewa nako ni dhuluma. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Swali langu ni jingine: mpango ukiandaliwa na mashine, nani anawajibika? Tutajibiwa kwamba ni daktari, kwa sababu ndiye anayetia sahihi. Lakini sahihi ni kitu gani? Katika miaka yangu ya ualimu mkuu nililetewa maandalio ya masomo kila juma. Andalio lenye makosa hujisomesha lenyewe. La kuogopwa ni lile safi, lenye mwandiko mzuri. Hilo huishawishi kalamu itangulie jicho. Na kazi ya mashine, karibu kila mara, ni safi.

Mwaka 2021 wataalamu wa Princess Margaret mjini Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya mipango ya namna hii kwa saratani ya tezi dume. Katika majaribio, madaktari walichagua mpango wa mashine badala ya ule wa binadamu mara 83 kwa kila 100. Ulipowadia wakati wa kuwatibu wagonjwa halisi, walishuka hadi mara 61. Sidhani kwamba mashine ilipungukiwa na akili. Nadhani jicho la daktari lilibadilika, kwa kuwa sasa nyuma ya karatasi alikuwapo mtu.

Basi wajibu haumo katika kuchora, umo katika kutazama huku ukijua nani ataumia. Wagonjwa wengi zaidi watibiwe, naam. Lakini sehemu ya saa zilizookolewa ni haki ya kila mmoja wao, ili mpango wake usomwe kweli. Hospitali itakayozigeuza saa zote kuwa idadi ya mafaili itabakiwa na sahihi zisizo na mwenyewe.