Sigaa na Mapenzi ya Kutunza

Katika mambo yanayompoteza mtu mwenye akili, hapana lililo jepesi kumpoteza kama lile linalofanywa kwa ustadi. Jambo baya likifanywa ovyo hujulikana mara moja; lakini likifanywa kwa adabu, kwa subira na kwa ujuzi, watu hulistahi, na mwenye kulitenda hujiona kuwa ni mtu wa daraja. Tumeletewa swali la namna hii, nasi twaona yafaa kulieleza kwa urefu, kwani halimhusu mwulizaji peke yake.

Mwulizaji ni kijana wetu wa pwani anayesomesha huko Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Haulizi juu ya sigara hizi za karatasi. Hizo asema alikwisha kuziacha. Auliza juu ya sigaa, yaani zile nene za jani tupu zisizo karatasi, zitokazo Kuba na nchi nyingine za mbali, ambazo moja yake huuzwa kwa thamani ya chakula cha nyumba nzima. Asema havuti ila moja kwa wiki, wala haumezi moshi wake. Na sehemu kubwa ya raha yake, asema, si kuvuta bali ni kutunza. Anacho kisanduku cha mti wa mwerezi, na ndani yake kipimo cha unyevu. Huulinda unyevu usipungue wala usizidi sana asilimia 70, na joto lisivuke digrii 20 na kitu. Zilizo chini huzileta juu, zilizo juu huzipeleka chini, na nyingine ameziweka miaka mitatu ili zikomae. Kisha auliza: “Je, subira hii na uangalifu huu si adabu njema? Na mtu alaumiwe vipi kwa kuwa mwangalifu?” Mwisho wa barua yake aongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kuwa upande wa Malakisi huyaona mabanda ya kukaushia tumbaku, na kwamba baadhi ya wanafunzi wake hulipiwa karo kwa fedha za tumbaku hiyo, je, mshahara wake una shubuha?

Hatutamjibu kwa neno moja, kama ilivyo desturi ya wengi wetu, tukafunga mlango. Mtu aliyeuliza kwa insafu astahili kujibiwa kwa insafu. Basi na tukubali kwanza lililo kweli. Sigaa ni kazi ya mikono ya watu mahodari. Jani lake hulimwa katika bonde la Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, na nchi nyingine chache; hukaushwa kwa upepo, huvundikwa kwa miezi, kisha hukunjwa kwa mkono jani juu ya jani. Na tangu mwaka 1865 wafanyakazi wa viwanda vya Havana wana desturi ambayo sisi watu wa darasa hatuwezi kuidharau: wao wakikunja majani, mtu mmoja huketi juu akawasomea magazeti na vitabu kwa sauti, na zamani ujira wake walimchangia wao wenyewe. Yasemwa kuwa sigaa iitwayo Montecristo ilipewa jina hilo kwa sababu ya kitabu walichokipenda kusomewa. Watu maskini kuchanga senti zao ili wasomewe ni jambo la sifa, na lau sisi tungefanya hivyo katika karakana zetu za maseremala na mafundi cherehani, hali yetu isingekuwa hii. Lakini sifa ya msomaji haikihalalishi kinachokunjwa, kama vile sauti nzuri ya mlevi isivyoihalalisha tembo.

Sasa tuje kwenye hukumu. Tumbaku ilitoka Marekani baada ya mwaka 1492, na ikafika katika miji ya Kiislamu kiasi cha miaka mia baadaye. Kwa hiyo hapana Imamu hata mmoja katika Maimamu wanne aliyeiona. Wanavyuoni walioikuta walikhitalifiana vikali. Katika Misri peke yake wanavyuoni wawili wa madhehebu moja ya Maliki walisimama pande mbili: Ibrahim al-Laqani, aliyefariki mwaka 1041 wa Hijra, aliandika kuwaonya watu nayo, na Ali al-Ujhuri, aliyefariki mwaka 1066, aliandika kuwa ni halali. Huko Damascus, Abdul-Ghani an-Nabulusi, aliyefariki mwaka 1143, aliitetea kwa kitabu kizima. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka 1633, akawaua watu kwa ajili yake, na wasiache kuvuta. Katika Omani ya bara, enzi ya Maimamu, ilikatazwa kabisa. Na wengi katika wanavyuoni wetu wa Shafi walikomea katika kuikirihisha.

Wako watakaosema: “Ninyi masheikh ndivyo mlivyo. Hata kahawa mliiharimisha!” Na kweli, mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka na magunia yake yakachomwa moto. Lakini mwenye kuleta hoja hii aitazame vizuri, kwani inamrudia mwenyewe. Kahawa ilichunguzwa, yakaonekana hayapo yale iliyosingiziwa, ikarudi katika asili yake ya uhalali, na leo hapana baraza la Mombasa wala la Lamu lisilokuwa na mdila. Na wale walioihalalisha tumbaku walishika asili hiyo hiyo: kuwa kitu ni halali mpaka idhihiri dalili ya kukikataza, na madhara yake wakati huo hayakuwa yamethubutu. Basi yamethubutu. Tangu ripoti ya Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964 mpaka leo hapana tabibu muaminifu anayebishana juu yake. Kanuni ni ile ile moja. Imeitoa kahawa na imeifunga tumbaku. Anayewataja leo al-Ujhuri na an-Nabulusi ili avute hawafuati wao. Afuata hali ya elimu ya utabibu ya wakati wao, nayo imekwisha kuondoka. Sisi twashika kauli ya walioiharimisha, kwani Mwenyezi Mungu amekataza mtu kuzitupa nafsi katika maangamizo, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana.

Ama hoja ya kuwa haumezi moshi, ni hoja dhaifu. Moshi wa sigaa una tabia kama ya magadi, na kwa hiyo sumu yake ya nikotini hupenya katika ngozi laini ya kinywa bila ya kuhitaji kufika mapafuni. Sigaa moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Saratani ya kinywa, ya koo na ya umio haziulizi kama moshi ulimezwa. Na moshi wenyewe hukaa chumbani ukavutwa na mke na watoto, ambao hawakuchagua wala hawakuonja hiyo ladha inayosifiwa. (Na hapa tuseme kweli, ijapokuwa ni chungu: katika mabaraza yetu, mzee anayemkemea kijana kwa sigara huwa mara nyingi ana tumbaku katika tambuu iliyo shavuni mwake. Hiyo nayo ni tumbaku, na saratani ya kinywa yaijua njia ile vizuri zaidi.)

Lakini kijana wetu hakuuliza juu ya kuvuta tu. Ameuliza juu ya kutunza, na hapa ndipo penye maneno. Katika Sura Sad tumesimuliwa kuwa Nabii Suleiman (a.s.) aliletewa jioni farasi wazuri wenye mbio, akashughulika nao mpaka kikajificha kilichojificha, kisha akaamrisha warudishwe, akawapapasa miguu na shingo. Wafasiri wamekhitalifiana. Wengine wamesema kilichojificha ni jua, sala ikampita, na kupapasa kule ni kuwachinja, kwa kuwa walimghafilisha na Mola wake. Wengine, na miongoni mwao Ibn Jarir at-Tabari kwa alivyopokea kutoka kwa Ibn Abbas, wamesema aliwapapasa kwa mkono wake, kwa mapenzi na huruma. Hatutaki kutoa hukumu baina ya wakubwa hawa. Twataka msomaji aone kuwa katika tafsiri zote mbili swali ni moja: farasi wale alikuwa akiwapendea nini? Walikuwa farasi wa jihadi, mali iliyo halali na yenye faida, na juu ya hayo hata Nabii hakuachwa ila ajiulize. Uangalifu wake haukutosha kuwa jawabu.

Uangalifu ni chombo. Mwizi ana subira kuliko mwashi, na mwenye kupika pombe huulinda moto wake kuliko wengi wetu tunavyoulinda wakati wa sala ya Alfajiri. Wala hatusemi haya kwa kuchukia starehe. Uislamu haukuja kuyafanya maisha kuwa makavu. Mola amewakaripia wanaoliharimisha pambo alilowatolea waja wake. Yuko mtu mjini kwetu anayejua udi kwa kuunusa tu, huu wa Kambodia, huu wa India, akauweka katika kasha lake kama amana, na akija mgeni aufukiza. Yuko mwenye kutunza misahafu ya kale ya Siu na Pate isiliwe na mchwa. Hao ustadi wao hauna mtu unayemuumiza, na faida yake humfikia mwingine. Mwenye sigaa atunza miaka mitatu kitu ambacho mwisho wake ni kukichoma kwa saa moja, kikamdhuru yeye na aliye karibu naye. Subira ile, lau angeitia katika kuhifadhi Juzuu Amma, angalikwisha kufika mbali.

Na liko jingine, nalo ndilo lililotufanya tuiandike makala hii badala ya kumjibu kwa barua. Yeye yuko Kibabii. Upande wa magharibi, kuelekea Malakisi na mpaka wa Uganda, tumbaku imekuwa ikilimwa kwa ajili ya kampuni tangu miaka ya 1970. Ni tumbaku ya sigara, si ya sigaa, nasi hatusemi kuwa kisanduku chake kimetoka kwa jirani zake. Lakini jani ni jani. Kutoka kitaluni mpaka sokoni zao hili hula karibu miezi 9, na katika miezi hiyo shamba haliwezi kutoa mahindi. Anayeyachuma majani asubuhi yakiwa na umande, sumu humwingia kwa ngozi ya mikono, akapata kizunguzungu na kutapika. Matabibu wauita ugonjwa wa tumbaku mbichi, na hauchagui mkubwa wala mtoto. Kisha huja kukausha, kazi inayotaka kuni nyingi na mtu wa kukesha bandani, kwani moto ukizidi jani huharibika na ukipungua huharibika. Mwisho hulipeleka likapimwe daraja na mtu wa kampuni, naye ndiye mwenye kuamua bei. Na katika bei hiyo hukatwa kwanza deni la mbegu, mbolea na dawa alizokopeshwa mwanzo wa msimu.

Basi tazama, ewe kijana. Unyevu ulio ndani ya kisanduku chako waujua kwa kipimo, mchana na usiku. Umande ulio juu ya mkono wa mwanamke wa Malakisi umeutaja katika mstari wa mwisho wa barua yako, na kwa ajili ya mshahara wako. Hatukusemi kwa kukuaibisha. Sote jicho letu hufuata kile tulichokifunza kufuata. Lakini hilo ndilo jawabu la swali lako la kwamba mtu hulaumiwaje kwa uangalifu.

Ulizonazo usiziuze wala usimpe mtu, kwani kumpa mwenzio linalomdhuru ni kumsaidia katika dhambi, ziharibu. Kisanduku ni mti tu, ni halali. Kianike jua mpaka harufu itoke, ukitumie upendavyo.

Ama mkulima, tusiwe wepesi wa kumhukumu. Yeye na mwenye kuvuta kwa starehe hawako sawa katika lawama: mmoja achagua baina ya raha mbili, na mwingine amefungwa na deni. Kenya iliridhia mkataba wa ulimwengu wa kuzuia tumbaku mwaka 2004, nao wazitaka serikali ziwatafutie wakulima riziki nyingine. Huko Migori, kwa msaada wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wako wakulima walioacha tumbaku katika miaka hii ya 2020 wakapanda maharagwe yenye madini ya chuma, wakapewa mbegu na kutafutiwa mnunuzi. Hilo ndilo fundo lenyewe: mbegu, na mnunuzi. Matajiri wetu wa Mombasa wanaojua kusafirisha nafaka, na wanaotafuta pa kuweka karadha njema isiyo riba, hawajashindwa kufika Bungoma. Wazee wao walifika kwa Mumia kwa miguu, kabla ya kuwako reli.

Na karo ya wanafunzi isimtie wasiwasi. Anayepokea ujira wa kazi ya halali hapaswi kuipekua kila shilingi ilikopita, Mtume (s.a.w.) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina, na alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa mmoja wao kwa ajili ya shayiri. Apokee mshahara wake, na mtoto wa mkulima wa tumbaku amsomeshe kama amsomeshavyo mwingine. Na Jumamosi moja asiyo na kazi na apande gari mpaka Malakisi, awaulize wakulima bei waliyopewa msimu uliopita na deni lililowabakia, kisha atuandikie. Tutalichapa.